Inchi Hamsini na Tano Ndani ya Neti

Mpunga ukishauzwa, nyumba nyingi za Ifakara hukaa kikao. Wengine hujadili bati, wengine pikipiki, wengine ada za shule. Kwetu ajenda ilikuwa televisheni ya chumbani. Ya sebuleni, inchi 43, ilikwisha kutekwa na watoto na katuni zao, na baba watoto alichoka kuomba ruhusa ya kutazama mechi katika nyumba ambayo luku anainunua yeye.

Nilipendekeza inchi 32. Yeye akataka 55. Kikao kiliahirishwa bila muafaka, au ndivyo nilivyoelewa mimi, kwa sababu siku chache baadaye shemeji alipiga simu kutoka Kariakoo kusema mzigo umepakiwa kwenye basi, umesimamishwa wima kama inavyotakiwa, nasi tuupokee stendi. Boksi lilifika nyumbani juu ya bajaji, likishikiliwa na vijana wawili waliotembea pembeni kama wanasindikiza bibi harusi.

Ili nisimwonee baba watoto, niseme kwamba hesabu ilikuwa upande wake. Inchi za televisheni hupimwa kona kwa kona, si upana. Kanuni wanayoifuata wengi ni kukaa mbali na kioo kwa umbali wa mara moja na nusu hadi mbili na nusu ya kipimo hicho. Chumba chetu ni futi kumi kwa kumi. Ukiegemea mto, kutoka macho hadi ukuta wa miguuni ni kama mita 2.4. Gawanya utakavyo, unapata kuanzia inchi 38 hadi 63. Ile 32 yangu ilianguka kabla ya mtihani. Nilijitetea kwamba chogo la inchi 21 lilitutosha miaka yote, akanijibu kwamba chogo lilikuwa karibu mraba: kimo chake kilifika sentimita 32, na flati ya inchi 24 haifikishi hata kimo hicho. Hapo sikuwa na la kusema. Tangu Tanzania Bara ianze kuwa na televisheni mwaka 1994, vioo vimekuwa vikitanuka kwenda pembeni kuliko kwenda juu.

Lakini kanuni ile haikuandikwa na mtu anayelala bonde la Kilombero.

Kwanza dirisha. Flati ya inchi 55 ina upana wa sentimita 122, na ukuta ulio wazi kati ya dirisha na kabati ni 118. Nilichukua kanga, nikaikunja hadi kipimo cha kioo, nikaibana ukutani kwa misumari midogo. Ikala dirisha.

"Ni vidole viwili tu, mama watoto," akasema.

Sauti ikatoka koridoni: "Mnaziba dirisha? Ifakara hii?"

Mama mkwe anaishi nasi, na kwa adabu yake hakanyagi chumba cha mwanawe. Ila nyumba yetu haina dari, kuta za ndani zinaishia chini ya bati, kwa hiyo kila linalosemwa humo humfikia juu kwa juu. Baba watoto akapendekeza kabati lisogezwe. Likasogezwa, na mlango wake ukawa haufunguki tena bila kugonga kitanda.

Fundi akaja na drili. Kuta zetu ni za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, na fundi alilenga kiungio badala ya tofali lenyewe. Drili ilizama yote, udongo ukamwagika juu ya shuka, na tundu likawa la kuingiza ngumi. Kioo chenye kilo zaidi ya kumi hakining'inizwi pale. Tukakiegemeza juu ya meza miguuni mwa kitanda, fundi akaondoka na nusu ya malipo na maneno mengi.

Usiku ule ndipo neti ilipotoa hukumu yake. Neti yetu ni nyeupe. Taa ikiwaka inang'aa kama ukuta uliopigwa chokaa, na nyuma yake unaona wachezaji bila kuona matokeo. Tukazima taa. Sasa kioo chenyewe kikaimulika neti, ukungu mweupe ukatanda mbele ya macho. Ajabu ni kwamba neti ilimtetea kila mmoja: herufi ndogo zinapotea, kwa hiyo yeye akasema kioo kikubwa ni lazima; mwanga unazidi, kwa hiyo mimi nikasema kikubwa ndicho kinachotupofusha. Baba watoto akachoka na falsafa, akainua neti, akatoa kichwa nje. Haikupita dakika, pa! Akajipiga shavu.

"Nasikia mnapiga mbu," ikasema sauti ya koridoni. "Nani yuko nje ya neti?"

Katika hilo mama mkwe hana mzaha. Mwaka 1997 mradi wa KINET ulipoanza kuuza neti za Zuia Mbu kwa bei nafuu Kilombero na Ulanga, alikuwa na watoto wadogo, akanunua. Mwaka 2001 jarida la Lancet likachapisha matokeo ya kazi iliyofanyika huku huku: neti zenye dawa ziliongeza uhai wa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Mama mkwe hajasoma jarida hilo. Yeye anawahesabu watoto wake, na mmojawapo alikuwa ametoa kichwa nje kwa ajili ya kona.

Asubuhi akatoa uamuzi akiwa amekaa kwenye kigoda, mgongo kwa mlango wetu. Kubwa iende sebuleni. Ya sebuleni, inchi 43, iingie chumbani: upana sentimita 95, dirisha linapumua, kabati linafunguka. Fundi arudi atoboe tofali. Nami ninunue neti ya bluu iliyokoza, maana nyeusi-nyeusi hairudishi mwanga machoni kama nyeupe. Hili la mwisho sijui alilijua vipi, lakini ni kweli tupu. Tukipunguza na mwanga wa kioo, hata dakika za mechi zinasomeka.

Watoto walipiga vigelegele kuliko walivyopiga Krismasi. Baba watoto alinung'unika wiki nzima, kisha nikagundua mechi kubwa anakwenda kutazama sebuleni na watoto, kwenye inchi zake 55.

Chumbani kumebaki tamthilia ya Kituruki. Tukiingia ndani ya neti tunapunguza sauti ili nyumba ilale, na papo hapo ukuta wa pili unagongwa.

"Mwanangu, ongeza kidogo. Huyo mama mkwe amemjibu nini yule binti?"