Nambari ya Siri ni 1234

Kwetu Chepsaita taa ya jikoni huwashwa kwa simu, na Kogo, nyanya yetu, hajafurahi hata kidogo. Swichi ya ukutani, asema, haijawahi kuishiwa na chaji.

Mfuko ndio ulioamua vifaa. Kopi ya Arduino Uno, relei moja, na kile kipande cha Bluetooth kiitwacho HC-05, vyote vikaja kwa matatu kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, vimeviringwa kwenye gazeti. Uno huzungumza kwa volti 5 na HC-05 husikiliza kwa 3.3, kwa hiyo katikati unaweka rezista mbili za shilingi chache. Hapo hapana taabu.

Taabu ni kwamba HC-05 nyingi hutoka kiwandani na nambari ya siri 1234, tena hukubali simu moja tu kwa wakati mmoja. Kijana wa jirani, anayesomea umeme mjini Eldoret, analijua hilo vizuri. Mawimbi hufika kama mita 10, na ua wetu uko karibu zaidi ya hapo. Jioni moja Kogo anasonga ugali, taa ikazima. Ikawaka. Ikazima tena. Nikachomoa simu yangu, ikakataa kuunganika: aliyetangulia kuingia ndiye mwenye nyumba. Kogo akatoka na mwiko mkononi, ugali ungali umeng'ang'ania ncha yake.

"We kijana, chakula changu kikiungua utakula wewe!"

"Pole, Kogo," giza likajibu. "Nilikuwa najaribu tu."

Na taa ikawaka.

Kisha akaja binamu kutoka Nairobi, wakati wa mbio za nyika za hapa Chepsaita, na iPhone yenye thamani ya ndama. Akahangaika nayo hadi chai ikapoa. HC-05 hutumia Bluetooth ya zamani ambayo programu za iPhone haziwezi kuongea nayo hivi hivi. Android yangu yenye kioo kilichopasuka ikawasha taa papo hapo. Kogo alicheka kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze.

Kwa maoni yangu, urahisi wa kweli ni ESP32 ya kampuni ya Espressif ya Shanghai: Wi-Fi na Bluetooth kwenye bodi moja, huna haja ya kununua viwili. Ila soma herufi za mwisho. Muuzaji atakuambia zote ni ukoo mmoja, na ni kweli, lakini S2 ni yule mtoto aliyezaliwa bila Bluetooth kabisa. C3 inayo ile mpya, ya kula umeme kidogo, na hiyo hata iPhone ya binamu itaielewa.

Ukishikilia HC-05 yako, badilisha nambari kwa amri ya AT+PSWD kabla hujaifunga popote. Na zile waya za volti 240 zinazoingia kwenye relei, mwachie fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.