Ekspresi ya Issuna

Barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida inapita Issuna, wilayani Ikungi, na mabasi ya njia hiyo yana neno linaloenziwa kuliko hata jina la mwenye basi: Express. Limechorwa kwa herufi nyekundu zenye miale, kama vile rangi ndiyo inayosukuma injini.

Kwenye reli za Uingereza za karne ya 19, ekspresi ilikuwa treni inayoruka vituo vidogo. Issuna ni kituo kidogo. Lakini mtu akinyoosha tu mkono kando ya lami, dumu la mafuta ya alizeti miguuni, ekspresi hupiga breki mpaka waliolala wanaamka. Konda anaruka chini. "Mama, panda, siti ipo!" Siti yenyewe ni ndoo iliyofunikwa, katikati ya njia, jirani na kuku wawili wa mtu mwingine. Hatua chache mbele anapanda mwingine. Ukinung'unika, jibu liko tayari: "Mzee, kama una haraka ungeondoka jana."

Tusiwaonee, lakini. Asili ya neno hilo ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kukamua. Hapo makonda wetu, tena katika mkoa wa alizeti, wamekuwa waaminifu kuliko Waingereza: abiria aliyebanwa dirishani tangu Manyoni anajua kukamuliwa bila mashine.

Ama lile neno Luxury lililoandikwa ubavuni mwa basi hilohilo, tulijadili dirisha likishafunguka.