Sikuizima, Imezima

Kuna herufi mbili katika Kiswahili zilizokaribia kunitoa kwenye ukoo: i na a. Simu ikikata moto yenyewe, tunasema imezima. Mwenye simu akiamua kuwakimbia watu, tunasema amezima. Kati ya herufi hizo palikuwa na shilingi laki sita za harusi, na laki sita hizo zilikuwa ndani ya simu yangu.

Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya binti wa dada yangu. Anayezijua kamati za harusi za Dar es Salaam anajua kwamba mwenyekiti huchaguliwa kwa heshima, katibu kwa mwandiko, na mweka hazina kwa kuchelewa kufika kikao cha kwanza. Mimi nilichelewa dakika ishirini. Nilipoingia watu wakapiga makofi, nikadhani wanafurahi kuniona.

Jumamosi hiyo nilikwenda na katibu hadi Temeke kumlipa mama mpishi kianzio cha pilau na kuku. Tukamkuta amekaa kwenye kigoda, daftari gotini. Simu ilikuwa na asilimia 9. Asilimia 9 kwangu ni mali. Nimewahi kutoka nayo Posta hadi Mbagala na nikafika nayo moja. Nikaingiza namba ya mama, nikaingiza kiasi, nikaanza kubonyeza namba ya siri. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, kioo kikawa cheusi.

Nikabonyeza kitufe cha pembeni nikakishikilia. Ikawaka, ikatupigia kamuziki kake ka kutukaribisha, ikafa tena, kama mgonjwa anayefumbua macho kuona ni nani amekuja na nani hakuja. Mama mpishi alinitazama bila hasira. "Baba, hizo nimeziona nyingi," akasema, akafunga daftari.

Tuliagana na katibu kituoni. Yeye, kwa nia njema kabisa, akaandika taarifa kwenye kundi la harusi lenye watu 214 akiwa amesimama ndani ya daladala, mkono mmoja juu bombani na mwingine kwenye simu. Alikusudia kuandika kwamba simu ya mweka hazina imezima. Kilichotokea kundini ni "Mweka hazina amezima simu." Mpaka leo anadai kidole kiliteleza.

Mimi sikujua lolote. Nyumbani nilikuta umeme umekatika, nikala wali baridi, nikalala. Umeme uliporudi saa mbili usiku na simu ikapata uhai, meseji ziliingia mfululizo hadi meza ikatetemeka. Shangazi alikuwa ameuliza kama kuna mtu anajua pasipoti yangu ilipo. Shemeji mmoja alishauri vijana wawili wawahi stendi ya Mbezi kabla mabasi ya alfajiri hayajaondoka. Kuna mtu nisiyemfahamu kabisa, nadhani wa upande wa bwana harusi, aliandika kwamba tangu mwanzo sura yangu haikumkaa sawa. Mwenyekiti alituma emoji za mikono ya kuomba, kumi na sita. Nilizihesabu.

Nikaandika: "Ndugu zangu, sikuizima, imezima." Hakuna aliyejibu. Waliisoma wote, alama za buluu ninazo.

Hapo ndipo nilipoanza kuichunguza simu ile kama mtu anayemshuku mpangaji. Na ukitaka kujua Tanzania ina madaktari wangapi, sema mbele ya watu kwamba simu yako haikai na chaji. Dereva bodaboda wa pale mtaani aliniambia kosa nililifanya siku ya kwanza: sikuichaji saa nane mfululizo kabla ya kuitumia, kama wauzaji walivyokuwa wakituusia. Usia huo ni urithi wa betri za zamani za nikeli. Za lithiamu haziuhitaji. Lakini bodaboda ana imani nao, na nilikuwa nimeupakata mtungi wa gesi, nikaona nisibishane.

Binti yangu akaniambia nifunge programu zote kila nikimaliza kuzitumia. Nilishika ushauri huo hadi ukawa kama kufagia uwanja, asubuhi na jioni, napangusa kioo kwa kidole mpaka panabaki peupe. Baadaye nikaja kusoma kwamba mwaka 2016 Craig Federighi, mkubwa wa programu pale Apple, alimjibu mteja aliyeuliza kama kufanya hivyo kunasaidia betri: hapana. Programu iliyolala haili kitu cha maana. Kuiamsha upya kutoka mwanzo ndiko kunakokula. Nilikuwa nawafukuza watoto waliolala ili niwaite tena.

Shemeji yuleyule wa stendi ya Mbezi alileta dawa ya friza. Alisema baridi huikaza chaji. Na mimi, mtu mzima, nikaifunga simu kwenye mfuko wa nailoni nikailaza kati ya vibua wawili. Asubuhi ilikuwa na umande ndani ya kamera, na kwa wiki nzima kila aliyenipigia nilimpokea huku simu ikinuka samaki. Unyevu ni adui wa simu, na kuichaji betri ya lithiamu ikiwa chini ya nyuzi sifuri kunaiumiza. Friza tuwaachie vibua.

Kwa haki, dalili nilikuwa nimeshaziona mapema, nilipokwenda Lushoto kuwaalika wazee. Nyumba ya mjomba iko bondeni, milima imeizunguka kama watu waliokaa kwenye bao. Niliondoka Dar usiku simu ikiwa imejaa, nikafika, nikaiweka mezani, sikuigusa kwa heshima ya wazee. Mchana nikaikuta taabani. Haikupiga wala kupigiwa, lakini ilikuwa ya moto kiganjani.

Sababu yake utaielewa ukikaa Usambara siku moja tu. Jioni mama mmoja alisimama ukingoni mwa shamba akamwita mwanawe aliye ng'ambo ya bonde. Aliita mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, ya pili kwa nguvu, ya tatu kwa mikono yote miwili mdomoni. Simu nayo ndivyo inavyofanya. Mnara ukiwa karibu inanong'ona. Mnara ukiwa mbali au umefichwa na mlima, inaongeza nguvu ya kurusha mawimbi, na isipojibiwa inatafuta tena na tena. Yangu ilikuwa imeita siku nzima mpaka sauti ikakauka. Ningeitoa hewani tu, ile alama ya ndege, ingelala salama.

Mjomba aliitazama ikiwa imechomekwa kwenye chaja kwa mara ya pili siku hiyohiyo. "Mjomba," akaniambia, "hii yako inakula kama mtu." Kisha akachomoa kitochi chake mfukoni. Ni ukoo wa ile Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003, yenye tochi kichwani, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Ile 1100 ilikuwa na betri ya mAh 850 tu. Yangu imeandikwa 5,000. Cha mjomba huchajiwa Ijumaa hadi Ijumaa, yangu haiwezi kuvuka adhuhuri hadi isha. Nilitaka kumweleza kwamba yangu ina kazi nyingi. Akaniuliza zipi. Nikasema chai imepoa.

Niliporudi Dar, na baada ya aibu ya Temeke, nilifungua ukurasa mmoja kwenye mipangilio ambao sikuwahi kuugusa, unaotaja kila programu imekula asilimia ngapi ya betri. Nilijiandaa kumkamata mwizi. Wa kwanza alikuwa kioo. Hapo sikuwa na pa kujificha: mwangaza nilikuwa nimeupandisha mpaka mwisho, maana mwaka uliopita daktari wa macho aliniandikia miwani ya kusomea na mimi nikaona bado kijana. Badala ya kununua miwani nilikuwa natumia betri.

Wa pili ilikuwa programu ya video fupi, saa nne na dakika kadhaa, nyingi zikiwa baada ya usiku wa manane. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti.

"Saa saba usiku ulikuwa unaangalia nini?"

"Mtu anaosha zulia."

Alikaa kimya. Ukweli una bahati mbaya yake: ni kweli nilikuwa naangalia mtu anaosha zulia huko Uingereza, zulia chafu sana, na huwezi kuliacha katikati. Sijui kama ameniamini hadi leo.

Wa tatu ilikuwa stetasi; si za wengine, ni kuangalia nani ameangalia yangu. Wa nne ni kundi la harusi lenyewe, watu 214 wakitumiana maua yenye maneno ya asubuhi njema, na kila ua lilijipakua lenyewe kwa idhini niliyoitoa zamani bila kusoma. Programu nilizozituhumu tangu mwanzo, za ramani na za hali ya hewa, zilikuwa mwisho kabisa, zinakula makombo.

Lakini hata hao wote hawakutosha kueleza ile asilimia 9 iliyozimika ghafla. Hilo alinieleza fundi wa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kijana mwenye darubini kichwani na koleo mdomoni. Alisema asilimia tunayoiona ni makisio, simu inapiga hesabu. Betri ikichoka, ukinzani wa ndani unapanda. Ukiidai nguvu nyingi kwa mkupuo, volti zinaporomoka na simu inajizima kabla haijaumia. "Mzee, chukulia babu amekaa mkekani," akasema. "Hadithi atakupigia mpaka usiku. Sasa mwambie apande ghorofa ya nne." Kutuma pesa kioo kikiwa juu kabisa na mtandao ukiyumba ndiyo ghorofa ya nne.

Akaniuliza naichajije. Nikamwambia usiku, chini ya mto, nikiwa nimeilalia. Akatoa koleo mdomoni. Kumbe joto ndilo linaloizeesha betri kuliko chochote, na mimi kwa miaka miwili nilikuwa naiatamia kama kuku. Watengenezaji wengi walizoea kupiga hesabu kwamba baada ya kujazwa mara 500 inabaki na asilimia 80 ya uwezo wake. Yangu ilishajazwa kama mara 700, kwenye joto la Mbagala, chini ya kichwa changu.

Nafikiria mara nyingi kuhusu John Goodenough. Yeye na Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2019 kwa kazi iliyozaa betri hizi, ambazo Sony waliziingiza sokoni mwaka 1991. Goodenough alikuwa na miaka 97 siku ya tuzo, mzee kuliko wote waliowahi kuipokea Nobeli, na alifariki mwaka 2023 akiwa ametimiza 100. Mtu aliyeanzisha kitu akadumu karne, na kitu chenyewe kwangu hakikufikisha miaka mitatu. Nadhani yeye hakulala na chaja.

Nikanunua betri mpya, shilingi 45,000, ufundi ndani yake. Siku ya pili niliamka alfajiri umeme haupo, nikatafuta viatu, nikatoka. Simu ilikuwa imejaa. Ilipofika saa sita mchana ilisoma asilimia 41, wala sikuwa nimeosha hata zulia moja. Damu ikanichemka. Nikapanda daladala kurudi Kariakoo na hotuba yangu nimeipanga: kwanza nitamsalimia yule fundi, kisha nitamwuliza kama ana mama.

Tulipofika Mtoni konda akanigusa bega. "Mzee, mfuko unawaka."

Nikatazama chini. Kifua cha shati kilikuwa kinang'aa kama karabai. Tochi niliyotafutia viatu alfajiri haijazimwa, na nilikuwa nimetembea nayo mtaani asubuhi nzima, benki nimeingia nayo, kwa mwenyekiti nimepita nayo kumhakikishia kwamba mambo yote sasa yako sawa. Abiria wa pembeni, tuliyekuwa tumebanana naye tangu Zakhem, alisema aliona ila hakutaka kuingilia, alidhani nina sababu zangu. Nikashuka kituo kilichofuata, nikavuka barabara, nikarudi nyumbani. Fundi hajui hadi leo jinsi alivyonusurika.

Mama mpishi nilimpelekea noti mkononi, akazihesabu mara mbili. Pilau ilikuwa nzuri. Kwenye kikao cha kuvunja kamati hesabu zilisomwa, zikapita, ikabaki shilingi 12,500, na wajumbe wakaazimia kwa kauli moja kwamba mweka hazina anunuliwe pawabenki kwa fedha hizo. Hazikutosha, wakanunua waya.

Nanyi wenzangu wa njia ya Mbagala, mkiona kifua cha mtu kinawaka mchana kweupe, msimstahi. Mwambieni.