Namna ya Kuishi na Leica R Bila Kuaibika

Kwanza zoea kuvunja watu moyo. Ukisema una Leica, macho yao yatang'aa. Ukiitoa begini, yatazima. Walitarajia ile Leica M ndogo ya wapiga picha mashuhuri, wewe unaibua R8, gramu 890 kabla hata hujaifunga lenzi. Wakosoaji waliipachika jina la kibyongo wa Solms, kwa mji wa Ujerumani kilipokuwa kiwanda. Wewe sema inakaa vizuri mkononi. Ni kweli, wala hapo sitanii.

Historia isimulie kwa kuchagua. Anza na Leicaflex ya 1965, bila kugusia kwamba mshindani wake, Nikon F, alikuwa mtaani tangu 1959. Ukifika R3 ya 1976, punguza sauti: iliundwa kwa ushirikiano na Minolta ya Japani, na R4 iliyofuata ni ya ukoo huohuo. Hata lenzi ya Elmarit-R ya milimita 24 ilibuniwa na Minolta. Mwenye Minolta akikuonyesha ya kwake, aliyoipata kwa bei ya kutupa, msifie mkanda wa begani.

Sasa kamu, na hapa vuta kiti. Kamu ni kipande cha chuma kilichochongwa nyuma ya lenzi, kinachoiarifu kamera umefungua kitundu kiasi gani. Leicaflex ya kwanza ilitaka kamu moja. Leicaflex SL ikataka mbili. R3 ikadai ya tatu. Zikaja lenzi zenye kamu ya R peke yake, zisizoingia kwenye Leicaflex; kisha zenye vituo vya umeme vya ROM kwa ajili ya R8, nayo R8 usiivike lenzi ya kamu moja wala mbili, maana huenda ikaviharibu vituo vya umeme vya kamera. Kwa hiyo kabla ya kununua, chunguza kamu kama mshenga anavyochunguza ukoo. Muuzaji akikujibu "ni Leica bwana, inaingia tu", muage kwa heshima.

Bodi? Chukua R6. Shata yake haitegemei umeme, betri ni ya kipima mwanga basi. R4 za mwanzo waachie wapenda bahati nasibu.

Ukiulizwa mbona haijifokasi yenyewe, jibu kwa fahari kwamba Leica ilionyesha mfumo wa kujifokasi kwenye maonyesho ya Photokina mwaka 1976. Ikauweka kabatini. Minolta ikatoa wake 1985, dunia ikahamia huko, nawe ungali unazungusha pete kwa vidole huku mtoto wa birthday ameshakata keki, ameila, na amelala.

Mateso yote haya ni kwa ajili ya vioo vya lenzi. Ngozi ya mtu ikipita kwenye Summicron-R ya milimita 50 inabaki ngozi, haigeuki plastiki. Na APO-Telyt ya milimita 180 inachora unywele mmojammoja hata usipoombwa. Ila usiyaseme kwa sauti. Leica ilikomesha mfumo huu mwaka 2009, na siku hizi watu wa sinema wanazisaka lenzi hizi, wanazivika pete za meno na kuzifunga kwenye kamera zao za kidijitali. Watakupigia simu. Waambie kwa msimamo kwamba bodi haiuzwi.

Hawatakuwa wameiulizia.