Kila Sufuria na Mwenyewe

Vyombo vya kutengenezea jibini nyumbani huna haja ya kuvinunua, unavyo tayari. Sufuria ipo, mwiko upo, kitambaa cheupe hakikosekani, na kama unakaa Mwanza, jiwe la kukandamizia liko nje ya mlango bila kuletwa na mtu. Shida ni kwamba hakuna chombo cha nyumba hii kisicho na ajira. Kila kimoja kina kazi yake na kina mwenyewe, na huyo mwenyewe hana habari na jibini.

Wazo lilitokana na bei. Kwenye maduka makubwa ya mjini jibini linalala kwenye friji, kipande cha kujaa kiganja, na ukishasoma bei unarudi polepole upande wa mayai. Wakati huohuo kijana wa maziwa anapita hapa Mabatini kila asubuhi na madumu yake kwenye baiskeli, akitokea Kisesa. Nikapiga hesabu: lita 10 za maziwa hutoa kilo 1 hivi ya jibini. Hesabu ikanipendeza sana, maana haikuwa imemhusisha mama watoto.

Nilianza na ndoto ya jibini la Kizungu, lile ambalo maziwa hupashwa hadi nyuzi 32 hivi kisha hugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho kwenye tumbo la nne la ndama anayenyonya. Nikaenda buchani.

"Tumbo la ndama?" Muuza nyama akaweka panga chini. "Kaka, Usukumani hapa nani atamchinja ndama anayenyonya? Hata dume zee mwenyewe anakuuzia huku analengwalengwa na machozi. Chukua utumbo, mkapike supu."

Nikachukua utumbo, tukapika supu. Na si neno, kwa sababu jibini la namna hiyo huhitaji pia kulazwa wiki kadhaa mahali penye ubaridi wa nyuzi 10 hadi 13. Njombe wanaweza, wana baridi yao na kiwanda cha maziwa kinachotengeneza jibini kwa mtindo wa Kiitaliano. Masisi, kule Kivu ya Kaskazini, wanaweza pia, wana milima na ufundi ulioachwa na mapadre wa Kibelgiji. Mabatini tuna bati, na chini ya bati saa nane mchana jibini haliivi, linatoka jasho.

Nikaangukia jibini la ndimu. Wahindi wanaliita paniri na hawalilazi popote. Unachemsha maziwa mpaka yanakaribia kufura, unaepua, unatia maji ya ndimu au siki kidogo kidogo huku unakoroga taratibu. Ghafla maziwa yanakatika: mabonge meupe yanapanda juu, chini yanabaki maji ya kijanikijani. Unachuja kwa kitambaa, unatia chumvi, unakandamiza. Kipimajoto hukihitaji. Kile cha homa kiache kabatini, kinaishia nyuzi 42 na maziwa yako yatakuwa karibu 90.

Sasa sufuria. Ndimu na alumini haviivani, jibini linatoka na ladha ya sarafu, kwa hiyo ni lazima sufuria ya stenlesi. Nyumba nzima tunayo moja, nzito, ina mfuniko wa kioo, nayo ni ya dagaa. Dagaa wa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, huwezi kuwabishia. Niliisugua sufuria ile kwa majivu, kwa ndimu, kwa chumvi, nikainusa, nikaona imesafika. Maziwa yana pua kali kuliko yangu. Jibini la kwanza lilitoka jeupe, laini, zuri kwa macho, na ukilitia mdomoni unafika Kirumba. Watoto walilila lote na ugali wakauliza kama kesho lipo tena. Mama watoto hakusema kitu. Alichukua sufuria yake akaisugua upya kutoa harufu ya maziwa.

Kama kuna kitu kimoja cha kutolea pesa, nakushauri laktometa, kile kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Maziwa mazima husoma kati ya 26 na 32. Yakitiwa maji kijiti kinazama na namba inashuka. Kijana wa Kisesa alipokiona mara ya kwanza aliuliza nani anaumwa. Nikakitumbukiza kwenye maziwa yake, kikasoma 22. Tukakitazama wote wawili.

"Mjomba," akasema, "mvua hizi ng'ombe wanakunywa sana maji."

Tangu siku hiyo maziwa yangu yanasoma 29. Ya majirani sijapima, nataka kuendelea kuishi nao vizuri.

Kopo la kulipa jibini umbo ni kazi ya dakika chache. Chukua kopo la plastiki la Blue Band, pasha msumari kwenye jiko la mkaa, toboa kuanzia ndani kwenda nje ili kingo za matundu zisilichane jibini. Kopo langu lilikuwa la vifungo na sindano. Vifungo viko wapi sasa, hilo ni swali ambalo bado linaulizwa nyumbani.

Jiwe ndilo lililotaka kunigombanisha na mtaa. Hili ni jiji la miamba, huwezi kumwaga maji ya vyombo bila kulowesha jiwe. Bismarck Rock peke yake, lile lenye jina la Chansela wa Ujerumani, limekaa pale ziwani na uzito wote ule halikandamizi chochote. Lakini ingia mtaani utafute jiwe bapa, safi, la kilo 4 au 5, la kutosha mdomo wa kopo. Yapo ya kujengea nyumba na yapo ya kumponda kenge. Lililonifaa niliona moja tu, karibu na kizingiti cha jirani yangu, mzee mmoja mstaafu. Wajukuu zake wakasema, chukua tu. Nikaliosha kwa maji ya moto, nikalipandisha juu ya kopo, nikalala.

Saa kumi na mbili asubuhi mlango ukagongwa.

"Baba Kulwa, jiwe langu liko wapi?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Jiwe."

"Mzee, si mawe yamejaa mlima mzima?"

"Yale ya Mungu. Lile langu. Nasugulia visigino."

Nikalirudisha jiwe, nikatia jibini kwenye ndoo ya taka bila kumweleza mtu sababu. Baada ya hapo nikahamia kwenye maji, na kwa kweli ndiyo presi bora: lita 1 ni kilo 1, huhitaji mizani. Unaanza na ndoo yenye lita 2, baada ya robo saa unaongeza mpaka 5. Ila bomba likikauka, ndoo ya maji hailindiki. Huyu anapita anachota kikombe cha mswaki, yule ananawa, mdogo anasuuza sahani yake. Presi yangu ikawa inakonda, na jibini, likipata nafuu, linanyanyuka.

Kitambaa nilikuwa nacho, shuka jeupe la pamba la mtumba kutoka Mlango Mmoja, nililolichemsha na kulikata vipande. Shangazi alipokuja kututembelea kutoka Magu, mama watoto alivishona vipande vile vikawa foronya ya mgeni. Maziwa yalikuwa yameshakatika jikoni. Akanitupia kanga yake moja mpya, haijafuliwa hata mara moja: "Fungia hii."

Kanga ile ilichuja. Asubuhi nilipolitoa jibini kwenye kopo, lilikuwa gumu, safi, limekaza kuliko yote niliyowahi kutengeneza, na ubavuni lina maandishi mekundu yaliyogeuka kinyume. Kanga yenyewe imeandikwa WEMA HAUOZI. Nililikata mstatili mzuri, nikaliweka kwenye kisahani karibu na karo lipoe, nikaenda dukani kutafuta mkate unaolingana na heshima yake.

Niliporudi, shangazi alikuwa uani na beseni la nguo, mikono imezama mpaka viwikoni, anasugua kola ya shati langu la kanisani.

"Baba," akaniita, "mwambie mkeo hizi sabuni za Kichina asinunue tena. Hazitoi povu, zinamumunyika tu." Akainua kipande kilichobaki, akakinusa. "Ila zinanukia ndimu vizuri."