Jinsi ya Kupata Lisansi ya Kazi za Jamii Bila Kukutana na Jamii

Ndugu yangu wa Kasongo, na wewe wa Kabambare unayesoma haya umesimama juu ya kichuguu ukitafuta rezo, karibuni. Mmesikia kwamba siku hizi mtu anaweza kusomea uasistanti sosiale kwenye simu yake, na ni kweli. Utamu wake pia mmeshauona: jile lenye nembo mgongoni, beji shingoni, nafasi dirishani kwenye Land Cruiser ya ONG, na semina ambako mtu hulipwa kwa kukaa kitako, soda juu. Usione haya kuvitamani. Nani hatamani? Kazi hii ina kasoro moja tu, kwamba ndani yake kuna watu, na watu wanachosha. Nifuate taratibu, utafika kwenye joho bila kusumbuliwa na hata mmoja.

Hatua ya kwanza: soma mbali

Kasongo ina chuo kikuu chake. Kipite kama hukijui. Pale mwalimu anamfahamu baba yako, na anajua kwamba siku ya mtihani ulionekana mpirani. Usivutwe pia na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, wala UNISA ya Afrika Kusini, inayofundisha watu walio mbali tangu 1946. Vyuo hivyo vimezoea wanafunzi wa mbali, maana yake vimezoea na ujanja wao. Tafuta chuo kinachokuuliza utalipaje kabla ya kukuuliza ulimalizia wapi sekondari. Wewe nawe usiwaulize mambo mengi. Rangi ya joho yatosha.

Atatokea mjuaji akwambie kwamba diploma ya nje lazima ipelekwe wizarani Kinshasa itambuliwe. Mshukuru. Kinshasa ni mbali, na fremu ya picha inauzwa hapa hapa sokoni.

Hatua ya pili: itunze shida ya rezo

Rezo mbovu ni mali, usiichezee. Darasa la video limeanza saa nane? Ingia, salimia kwa sauti kubwa ili uandikwe, kisha ganda. Uso uliogandishwa vizuri, mdomo wazi kidogo kama mtu aliyekuwa karibu kusema jambo la maana, hupata alama za ushiriki.

Sababu zisirudiwe wiki mbili mfululizo. Leo jua halikutoka na pano haikujaza betri. Kesho mega zimekwisha. Keshokutwa mwambie profesa barabara ya Kabambare imekatika kwa mvua. Hapo hata hutakuwa umedanganya. Hatari inatoka juu: Starlink ilipigwa marufuku Kongo mwezi wa Machi 2024, wavivu tukapumua, lakini Mei 2025 ikapewa ruhusa. Ukiona kile kisahani cheupe kwenye paa la jirani, kaa kimya. Habari hiyo isifike chuoni.

Hatua ya tatu: maswali ya watu wa baridi

Utaletewa kisa cha kuchambua. Mzee anaishi peke yake ghorofa ya sita, lifti imeharibika, theluji inaanguka, mtoto wake hampigii simu. Usije ukaandika kwamba kwenu mzee wa namna hiyo angekuwa na wajukuu watatu miguuni na shemeji anayemdai mbuzi. Uliza lifti itatengenezwa lini, pendekeza makao ya wazee, chukua alama zako uende.

Ikiwa hata hilo ni kazi, mashine za kuandika zipo tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022. Zinaandika Kifaransa kilichopigwa pasi. Ila soma kabla ya kutuma, ndugu yangu, angalau kwa jicho moja. Mashine haijafika Maniema. Ukiiomba mpango wa kumsaidia mjane wa Kabambare, inaweza kumpandisha metro, ikampeleka kwenye kituo kinachofunguliwa usiku na mchana, na huko ikampa namba ya simu ya bure. Futa metro. Kituo kiache, mfadhili anaweza kukipenda.

Hatua ya nne: elimu ya wenyeji, isomee ndani

Mwezi wa Julai 2014, huko Melbourne, mashirika ya dunia ya fani hii yalikubaliana kazi za jamii ni nini. Kariri kwamba ni mabadiliko, mshikamano na ukombozi wa watu. Kariri na hili: maelezo yale yanataja maarifa ya wenyeji kuwa sehemu ya msingi wa fani. Sentensi hiyo isome ukiwa umefunga mlango, kwa maana nje, kwenye barza, wazee wamekaa tangu asubuhi wakimpatanisha mtu na mkwewe, na kelele zao zinaweza kukuvuruga usielewe maarifa ya wenyeji ni kitu gani.

Utafutapo vitabu utakutana na jina la mji wako, usishtuke. Katika miaka ya 1970 watu wa taasisi ya magonjwa ya tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walijenga Kasongo mpango wa afya ya msingi wenye vituo karibu na watu, na mwaka 1981 gazeti la madaktari, The Lancet, likachapisha uchunguzi wao juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa hapa. Wanafunzi wa nchi za mbali wameisoma Kasongo. Bibi yako huenda alibeba mtoto foleni ya chanjo zile, na hakuna aliyemuuliza aliona nini. Usiwe wa kwanza. Andika jina la gazeti, mwaka, na ukurasa. Bibi hana ukurasa.

Hatua ya tano: staji

Hapa wengi huanguka, kwa hiyo tulia unisikilize. Vyuo vyenye uzito havikubali mtu aimalize kazi hii kwenye simu. Marekani, baraza la CSWE linaloidhinisha masomo haya linadai saa 400 za staji kwa shahada ya kwanza na 900 kwa ya uzamili, na anayesoma mtandaoni hasamehewi. Saa 400 na watu! Walevi, wajane, wasichana wenye mambo yasiyosemeka, baba aliyefukuza mtoto akisema ni mchawi.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kashe. Karatasi ya Kongo isiyo na kashe haina roho, na yenye kashe haiulizwi swali. Katika kila ofisi kuna mtu anayekaa karibu na kashe. Mjue jina, msalimie watoto, usisahau matabishi. Saa zako 400 zitagongwa mchana mmoja, chai ikiwa bado moto.

Dawa ya pili ni tamu zaidi, na imeandikwa kwenye maadili ya fani yenyewe: siri. Asistanti sosiale haruhusiwi kutoboa jina la mtu aliyemhudumia. Basi andika: Bi M., miaka 34, watoto watano, mtaa umefichwa, siku imefichwa. Profesa akitaka kujua zaidi, mjibu kwa huzuni kwamba maadili yanakukataza. Siri iliwekwa ili Bi M. asiaibike sokoni, na kwako inazuia kitu kingine: isijulikane kwamba Bi M. hajazaliwa.

Hatua ya sita: TFC

TFC ni ile kazi ya kuandika ya kumalizia masomo, na birotiki yoyote ina ya mtu mwingine ndani ya kompyuta. Chukua ya Kindu, badilisha kila Kindu iwe Kasongo. Ila ondoa stesheni ya treni. Wamefeli wangapi kwa stesheni hiyo!

Hatua ya mwisho: kazi

Joho limevaliwa, picha imewekwa WhatsApp, mama mkwe ameiona. Sasa ONG inatafuta APS, yaani asistanti sikososiale, na tangazo linadai miaka miwili ya uzoefu na waliokimbia vita. Huna. Tena kwenye mahojiano watakuuliza: mama amefika kwako usiku na watoto, ametoka upande wa Salamabila, hasemi neno, unaanzaje?

Usikimbilie mashine. Nyuma ya nyumba yenu kuna mama ambaye mlango wake haujafungwa tangu watu waanze kukimbia. Wamelala kwake kwenye mikeka, wamekula mchele wake na sombe lake, wengine ndio majirani zake leo. Mpelekee sukari, mpigie hodi, muulize huwa anafanyaje. Atakwambia: unawasha moto, unawapa maji ya kuoga, unawalisha watoto kwanza, swali huulizi mpaka mwenyewe aanze. Atakwambia na nani wa kumwita mtu asipolala siku ya tatu. Andika yote. Rudi nyumbani ukayavike Kifaransa, uweke na namba pembeni, moja hadi tano. Kwenye CV iandike hiyo miaka miwili, wewe ukiwa msimamizi.

Kazi utapata. Siku utakayopita kwake na jile jipya, atafurahi kweli, ataigusa nembo, kisha atakuuliza kama huko ofisini hawatafuti mtu wa kufagia. Mwambie alete dosye.