Kisa cha Waya wa Nne

Leo ni siku ya tatu, na bado kila nipitapo sebuleni mwangu naisikia sauti ya upole ya yule bibi wa upande wa wakwe, aliyeinua pua yake kuelekea jikoni akauliza, mbele ya watu kumi na wanne waliokuja kuposa binti yetu: "Mashaallah, udi gani huu mliofukiza?" Haukuwa udi. Ulikuwa ubongo wa jiko la umeme, nao ulikuwa umekwisha kuteketea, na mikate miwili ya mayai ikasalia uji ndani ya sinia zake.

Jiko hilo lilitoka Columbus, Ohio, ndani ya kontena la shemeji yangu, likapita Kilindini kwa ushuru ambao ungalitosha kununulia jipya papa hapa Mombasa, na waliolikagua wakauliza kila jambo isipokuwa lile la maana, yaani litachomekwa wapi. Mgongoni lilikuwa na kibati kilichoandikwa volti 120/240. Nami, kwa kuwa najua sisi Kenya twatumia 240, nilifurahi kama mtu aliyeliona jina lake katika hati ya mirathi.

Hapa namtaka radhi msomaji, kwani jambo hili limeninyima usingizi na sharti nilieleze. Edison alipofungua mtambo wake wa Pearl Street, New York, mwaka 1882, aliwapa watu umeme wa kiasi cha volti 110, uliozifaa taa zake. Lakini volti chache huhitaji nyaya nene, na shaba ni ghali, basi ikabuniwa hila ya nyaya tatu ambayo nyumba za Marekani zimeishika hata leo. Mfano wake ni ndoo mbili za kisima zilizofungwa ncha mbili za kamba moja iliyopita juu ya kapi: hii ikipanda ile hushuka, na kila moja ikiwa umbali wa 120 kutoka alama ya katikati, baina ya ndoo na ndoo huwa pana 240. Alama hiyo ya katikati ndiyo waya mweupe. Taa, saa na ubongo wa jiko hufungwa baina ya ndoo moja na alama, vikapata 120. Mafiga na vyuma vya moto vya tanuri hufungwa baina ya ndoo mbili, vikapata 240. Nani asiyestaajabu? Sisi hatuna ndoo mbili. Tunayo moja tu, ya 240 kamili, na nyutro ya kurudia.

Fundi wangu, mtu mzima mwenye adabu zake, alifundishwa rangi za zamani za Kiingereza: nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro, kijani ni athi. Akazifunga hivyo, na mweupe akauacha ukining'inia.

"Na huu, fundi?"

"Huo wa ziada, Maalim."

Mafiga yote manne yakawaka, tukapika pilau ya wageni juu yake tukimshukuru Mungu. Lakini tanuri lilikaa kimya, na wageni walikuwa wameshavua viatu mlangoni, na mke wangu, Mama Salma, alikuwa amesimama na sinia zake akinitazama kwa namna niijuayo. Ndipo mimi, wala si fundi, niliposema: "Huo mweupe uunge na mwekundu, tuone." Tuliona. Saa ya jiko ikatoa namba nne za buluu kwa muda wa kusema bismillahi, kisha pakalia mlio kama wa karanga ipasukayo kaangoni, na moshi mwembamba ukaelekea sebuleni.

Mtaa mzima umemcheka fundi, nami sicheki tena. Kwa Mmarekani nyeusi ndiyo moto wenyewe. Kwa Mwingereza aliyetuachia rangi zake ilikuwa nyutro. Na sasa zaja za kahawia na buluu. Mataifa mawili yenye lugha moja yalishindwa kuafikiana juu ya rangi ya waya uwezao kuua, na anayeitwa mjinga ni mtu wa Kibokoni mwenye tesita moja na ujira wa shilingi mia tano.

Na lau ile saa ingalinusurika, saa nyingi za namna yake huhesabu mapigo 60 ya umeme kwa sekunde, na yetu ni 50. Ingalichelewa dakika 10 kila saa.

Blenda ya kontena lilo hilo ilizunguka sekunde tatu, kwa bidii ambayo sijapata kuiona. Pasi nayo, kwa kuwa volti maradufu huzaa moto mara nne, kanzu yangu ya Idi ni shahidi.

Posa imekubaliwa, alhamdulillahi. Ila wakwe wametuma neno, kwa adabu kubwa, kwamba vyombo vya bibi harusi tutoe tupendavyo, lakini jiko watanunua wao, la gesi.